Barua kwa Shangazi, juu ya Bibi zetu wawili

Leicester, Uingereza

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na magoti yamepunguza kuuma. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi ndiyo imeshaanza vituko vyake. Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati kila Ijumaa tunaongea kwa simu. Lakini simu yako hupokelewa sebuleni, spika imefunguliwa, na nusu ya mtaa imekaa mkekani. Haya ya leo nimeona yaje kwenye bahasha. Mjukuu wako akusomee mkiwa wawili, naye yanamhusu.

Nimesikia mnajiandaa kumsomea mdogo wangu Bibi hitma. Mchango wangu nimeutuma kwa kaka. Ombi langu la kwanza ni dogo: watu wakishakula pilau na mazungumzo yakaanza, asikumbukwe kwa ugonjwa peke yake. Tangu alipofariki mwaka 2021, kila anayenipigia ananisimulia alivyokonda, nywele zilivyomtoka, mkono ulivyomvimba. Utadhani hakuishi miaka 33, aliugua tu.

Mimi namkumbuka kibandani kwake Ngamiani, hapo Tanga, nyuma ya ile cherehani ya Butterfly, pini zimejaa mdomoni na bado anaongea. Daftari lake la vipimo halikuwa na jina la mtu hata mmoja. "Mama wa vitumbua, kiuno 38." "Mke wa pili wa dereva." "Anayependa mikono mirefu na halipi." Na uongo wake unaujua. Mteja akija siku ya ahadi, kitambaa hakijaguswa hata na mkasi, anamkazia macho na kumwambia, "Imebaki vifungo tu, njoo kesho." Walimlaani, wakaondoka, wakarudi mwezi unaofuata na kitambaa kingine, kwa sababu nguo ikitoka kwake ilikuwa inakaa mwilini. Unamkumbuka yule mama aliyelia msibani siku mbili, tena kilio cha kweli, siku ya tatu akamvuta mtu pembeni kuulizia blauzi yake? Mkaenda kuitafuta, mkaikuta imeshonwa yote, imebaki vifungo tu. Hiyo ndiyo hadithi ya kusimuliwa kwenye hitma. Mwenye kutaka kucheka acheke, Bibi mwenyewe angecheka.

Alipewa jina la mama yako, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Bibi tangu yuko kwenye nepi. Baba, Mungu amrehemu, alimwita Mama, na fimbo hakumpiga hata siku moja. "Mtu hamchapi mama yake," alikuwa akisema, sisi wengine tukiwa tunazichezea hizo fimbo. Basi ombi langu la pili linatokana na jina hilo, na ni zito kidogo.

Uvimbe aliugusa wakati ananyonyesha mtoto wa pili. Hakusikia maumivu. Alikokwenda kwanza aliambiwa maziwa yameganda, akande kwa kitambaa cha moto. Akakanda. Sisi bila maumivu hatukimbilii hospitali, na uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi hapo mwanzo, kwa hiyo miezi ikapita watu wakisubiri maziwa yayeyuke. Ikaja dawa ya kienyeji, ikaja nyingine. Ngozi ilipoanza kuingia vishimo mithili ya ganda la chungwa na chuchu ikazama ndani, ndipo kinyama kilipokatwa kikapimwa, na Shemeji akaanza kumpandisha basi la Dar kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mlisema atamkimbia. Aliuza pikipiki yake, akajifunza kumfunga kilemba. Siku ya kwanza ya ile dripu nyekundu ya dawa ya saratani, Bibi alinipigia kunitangazia kwamba mkojo wake umebadilika rangi, na kwamba hospitali hiyo ina upepo wa bahari mzuri kuliko wa Raskazone, kasoro yake sindano tu. Daktari alimwambia amefika hatua ya nne. Wanawake wengi wa kwetu hufika hapo ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne.

Sasa nisikilize. Huku Uingereza, barua za kuitwa kupigwa picha ya matiti hutumwa kwa wanawake kuanzia miaka 50 hadi 71, kila baada ya miaka mitatu. Mimi nina 45, zamu yangu bado. Lakini nilipomweleza daktari kwamba mdogo wangu amefariki kwa saratani ya titi akiwa na umri ule, alinipeleka kwa muuguzi wa mambo ya urithi. Akachukua karatasi, akaanza kuchora ukoo wetu: mwanamke duara, mwanamume mraba, aliyekufa anapigwa mstari. Upande wa mama nilijibu haraka. Alipofika kwa mama yake baba akaniuliza alikufa kwa nini, na akiwa na miaka mingapi, nikakwama.

Kwa sababu nilichoambiwa maishani mwangu ni "donda", na siku nyingine "husda". Nilikuwa mtoto wa miaka saba. Nakumbuka udi uliofukizwa chumbani mchana kutwa, na wewe ukifua vitambaa uani bila kuruhusu mtu kusogea. Baba nilimuuliza mara moja nikiwa mkubwa, akainuka akaenda kuswali, na haikuwa saa ya swala.

Shangazi, donda lile lilikuwa la ziwa?

Habari ya husda sibishani nawe. Ninachouliza ni mwili. Kuna jeni zinazoitwa BRCA1 na BRCA2. Zikiwa na hitilafu, mwanamke anakuwa kwenye hatari kubwa ya saratani ya titi na ya mfuko wa mayai, na mara nyingi inampata akiwa bado kijana. Hitilafu hiyo hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama. Mwanamume anaweza kuibeba asiugue maisha yake yote, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Saratani nyingi za titi hazirithiwi, ni kama tano hadi kumi tu katika mia, kwa hiyo huenda kwetu haipo kabisa. Ingekuwa bora kumpima Bibi mwenyewe, ila hatunaye. Kilichobaki ni kumbukumbu, na mwenye kumbukumbu ni wewe.

Naomba uniambie donda la mama yako lilianza vipi, uvimbe au kidonda. Alikuwa na umri gani, hata kwa kukisia. Na kama dada zake waliugua hivyo hivyo. Hakuna aibu ndani yake. Wewe ni binti yake wa kumzaa, kwa hiyo hata kabla hujanijibu, nenda hospitali ya Bombo ukapimwe matiti, na binti zako waende. Nauli na gharama ziko juu yangu. Binti wa Bibi mwacheni acheze, watoto hawapimwi jeni hizo. Siku zake zikifika atahitaji haya unayoyajua, na sitaki naye aambiwe donda.

Miadi yangu ni mwezi wa pili. Ukikumbuka nusu, nitumie hiyo nusu. Msalimie sana Shemeji, na umwambie pesa ya sare za shule nimeshamtumia kwenye simu, aangalie.

Mwanao, mtoto wa kaka yako