Simu kuchukuliwa si simu kusomwa

Mhariri,

Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, barazani na hata gatini, wengi wanaamini kwamba askari akishaishika simu yako basi na meseji zake ni zake. Kuichukua simu ni jambo moja, kuisoma ni jambo jingine.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Mpelelezi anayetaka kuingia ndani ya simu huenda mahakamani kuomba kibali chini ya kifungu cha 48 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ukionyeshwa kibali hicho, tazama jina la mahakama, tarehe na kifaa kilichotajwa. Kikiwa sawa, usizuie, maana kuzuia nako ni kosa. Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kupewa nakala ya orodha ya vilivyochukuliwa, pamoja na siku na saa. Wengi hawaidai, na simu ikipotea au ikirudi imefutwa, hawana cha kushika.

Linaloharibu kesi nyingi ni hiari. Mtu huambiwa "fungua tuone tu", akataja namba ya siri bila kuuliza kibali. Baadaye wakili wake anapopinga, hujibiwa kwamba mwenyewe aliruhusu. Na hata pale simu iliposomwa kinyume cha haki, ushahidi hautupwi papo hapo: kifungu cha 50(4) cha Katiba kinataka mahakama ione kwanza kwamba kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru uendeshaji wa haki. Kwa hivyo pingamizi litolewe mapema, kielelezo kinapoletwa, si siku ya hukumu.

Kwa upande wa kampuni za simu, arafa ya kawaida hupita kwenye mitambo yao bila kufungwa kwa siri, tofauti na WhatsApp ambako mtumaji na mpokeaji tu ndio wanaoweza kuusoma ujumbe. Lakini rekodi zinazoletwa kortini kwa kawaida ni za nani alimtumia nani, saa ngapi, na kupitia mnara gani, wala si maneno yenyewe. Mpelelezi akihofia data itafutika, anaweza kuagiza ihifadhiwe kwa muda usiozidi siku 30. Kusikiliza au kusoma mawasiliano yanapopita kunahitaji amri ya mahakama. Kwa WhatsApp, kufuli hilo la siri lililowekwa tangu 2016 halisaidii kitu ikiwa simu yenyewe iko wazi, au nakala ya akiba imekaa kwenye akaunti ya barua pepe ambayo nywila yake inajulikana na nyumba nzima.

Nikisema nyumba: mke au mume anayefungua simu ya mwenzake kwa siri asidhani ndoa ni kibali. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo ya 2018 kinaadhibu kuingia bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kisha kuna hizi picha za skrini. Katika mahakama ya hakimu, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ni ipi, ilitolewaje na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya anayehusika na kifaa hicho. Karatasi iliyochapishwa mtaani bila cheti hupingwa kwa urahisi. Mahakama ya Kadhi iko nje ya sheria hiyo na hufuata kanuni za ushahidi za Kiislamu, kwa hivyo anayetoka kortini kwa hakimu na kuingia kwa Kadhi asidhani mambo ni yale yale.

Ninawaomba waandishi wenu wanaoripoti kesi za Lamu na Malindi wasiishie kwenye "simu ilionyesha kwamba". Watwambie pia kibali kilitolewa lini, na cheti alikitia sahihi nani.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu