Barua ya wazi kwa Mlipaji Mkuu wa Serikali: Nimeuza tipa kulipia kodi ya hela ambayo sijaipata

Kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha na Mlipaji Mkuu wa Serikali,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Ndugu Katibu Mkuu,

Salaam kutoka Morogoro. Mimi ni mkandarasi wa barabara, daraja la tano katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Nina greda moja kuukuu, wafanyakazi wa kudumu wanne, na vibarua kuanzia ishirini hadi sitini kutegemea kazi iliyopo. Ningeweza kumwandikia Waziri wa Ujenzi au Bodi yetu. Nimekuchagua wewe kwa sababu ya neno moja lililomo kwenye cheo chako: Mlipaji.

Kila makandarasi tunapokutanishwa na viongozi, haipiti saa nzima kabla hatujaambiwa kwamba wazawa hatujui kusimamia fedha. Tunachanganya hela ya kampuni na ya nyumbani, tukipata malipo ya awali tunakimbilia kununua gari, vitabu vya hesabu hatuna. Nianze kwa kukubali. Mwaka 2016, kwenye kazi yangu ya pili tangu nisajiliwe, malipo ya awali yaliingia Ijumaa. Jumatatu nilikuwa nimeshashusha tofali na nondo kwenye kiwanja changu cha Kihonda. Msingi wa nyumba ukanyanyuka, mtaro wa barabara ukakwama. Kazi ile niliimalizia kwa hela ya shemeji yangu, na kwa kuchelewa nikakatwa. Kosa lilikuwa langu peke yangu na nimelilipia. Siku hizi kampuni ina akaunti yake, mhasibu wa muda anakuja kila Jumamosi, na mimi najilipa mshahara kama mwajiriwa mwingine. Mwezi ambao hakuna kitu, wa kwanza kukosa ni mimi.

Sasa tukae na hizo hesabu nilizofundishwa kuziweka.

Agosti 2022 nilisaini mkataba na taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu bado naomba kazi kwao. Barabara ya moramu, kilomita sita, kalavati nane, shilingi milioni 480 bila VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Hati ya malipo ya pili ilisainiwa na mhandisi Februari 2023: kazi ya milioni 120. Mkataba unaruhusu kuzuia asilimia 10 mpaka kiishe kipindi cha matazamio, ambacho kasoro zikijitokeza mkandarasi anazirekebisha mwenyewe, kwa hiyo ya kulipwa ikawa milioni 108. Gharama yangu ya kuifanya kazi hiyo, dizeli, moramu, saruji, kukodi mashine ya kushindilia na mishahara, ilikuwa hiyohiyo milioni 108. Yaani faida yangu yote, milioni 12, ndiyo iliyokuwa imezuiliwa. Hilo silalamikii. Nilisaini nikijua.

Katika hizo 108, milioni 90 zilikuwa mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, dhamana ikiwa nyumba ileile ya Kihonda. Mkataba ulisema nitalipwa ndani ya siku 28. Nililipwa baada ya miezi 11. Riba ya miezi hiyo ni shilingi milioni 13 na laki mbili. Mhasibu wangu aliiandika kwa kalamu nyekundu chini ya ile faida ya milioni 12, akafunga daftari, akaomba nauli. Nilikuwa nimejenga barabara ya Serikali kwa hasara kabla hata sijakosea jambo lolote.

Riba peke yake ningeimeza. Kilichonitoa machozi ni kodi.

Ili hati yangu ipokelewe, ofisi ya malipo ilitaka risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, iambatanishwe. Bila risiti, jalada halitoki mapokezi. Nikatoa risiti ya milioni 108 na VAT ya asilimia 18 juu yake, yaani milioni 19 na elfu 440. Kwa Sheria ya VAT ya 2014, kodi huanza kudaiwa siku ya ankara, siku ya malipo au siku huduma inapotolewa, yoyote itakayotangulia. Risiti ya Februari maana yake ni ritani ya Machi, na mwisho ni tarehe 20. Mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato, hauna kisanduku cha kuandika "mteja ni Serikali, bado hajalipa".

Mtu ataniambia, si ungekata VAT uliyolipa kwenye manunuzi? Nilikata. Lakini angalia barabara ya moramu inatengenezwa na nini. Dizeli imesamehewa VAT, hivyo hakuna cha kukata. Moramu nanunua kwa mwenye shamba ambaye hata mashine ya EFD hajawahi kuiona. Vibarua hawatoi risiti. Ilibaki saruji, nondo na mabomba ya kalavati: milioni 3 na elfu 440. Kwa hiyo Machi 20, 2023, nilitakiwa kuipelekea Serikali milioni 16 taslimu kwa niaba ya Serikali hiyohiyo ambayo ilikuwa haijanipa hata senti ya kazi yenyewe. Nisingepeleka, adhabu na riba vingeanza kuhesabika, na TRA wasingenipa cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi. Bila cheti hicho zabuni inayofuata siiombi.

Niliuza tipa. Nilikuwa nimeinunua milioni 38, mtumba kutoka Japani, nikaiuza milioni 24 kwa mfanyabiashara wa mchanga wa Mto Ngerengere ambaye aliona usoni kwangu kwamba nina haraka. Kumi na sita zikaenda TRA, nane zikaenda kwa vibarua na kwa mwenye kituo cha mafuta. Tangu siku hiyo nakodi tipa kwa siku, na mara nyingi ninayoikodi ni ileile. Dereva wake ni kijana niliyemfundisha mimi.

Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, ikapita na fedha za mradi zikarudi kwenu. Julai nikaambiwa mimi sasa si malipo tena, ni "deni", na deni lazima lihakikiwe. Wahakiki walikuja Oktoba, watu watatu, wastaarabu kabisa, na futi kamba yao. Walihesabu kalavati: nane. Walipima upana. Mmoja akachuchumaa kwenye ya tano, ambayo nyasi zilikuwa zimeshaota pembeni na watoto wanakaa juu yake jioni, akaniuliza kama ni kweli imejengwa chini ya mkataba huu. Nikamwonyesha tarehe tuliyoichora kwenye zege likiwa bichi. Akaipiga picha. Wakati huo malori ya miwa yalikuwa yameshachimba mashimo kwenye kilomita ya pili, na kwa kuwa kipindi cha matazamio kilikuwa kinaendelea, nilikuwa nimeandikiwa barua nikayafukie kwa gharama zangu.

Januari 2024 hela iliingia. Sikumpigia mtu simu kushukuru, na naomba radhi kama ilitakiwa.

Najua Hazina haikusanyi fedha kwa kupenda kwetu, na kwamba kuna mishahara, madeni ya nje na mabweni ya shule yanayosubiri kwenye foleni hiyohiyo. Najua pia Serikali imejaribu kutubeba. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zimepandisha kiwango cha kazi zinazotengwa kwa wazawa kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Zabuni siku hizi ziko NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, mtu anaomba akiwa kwake bila kubeba mabox ya makaratasi mpaka Dodoma. Bodi ina mfuko wake wa kutusaidia dhamana. Yote mema. Ila kazi ya bilioni 50 ikilipwa kwa mwendo wa ile yangu ya milioni 480, kinachokua ni ukubwa wa kaburi tu.

Kuna jambo linanikera zaidi, na nitalisema polepole. Mikataba mikubwa ya kimataifa, ile ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, imeandika wazi kwamba mwajiri akichelewa kulipa, riba inahesabika kila mwezi bila mkandarasi hata kuandika barua ya kuikumbusha. Kampuni kubwa za nje zinaidai na zinalipwa, na ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeeleza mara nyingi jinsi riba hizo zinavyoliumiza taifa. Mkataba wangu mdogo nao una kipengele cha riba. Sijawahi kukitumia, na sijui mwenzangu wa daraja langu aliyewahi. Ukidai riba, zabuni inayofuata utaisikia kwa jirani. Matokeo yake ni kwamba anayelipwa riba ni mwenye uwezo wa kusubiri, na asiyeweza kusubiri ndiye anayeikopesha Serikali bure.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako, na kikubwa ni hicho cha VAT. Sheria ya Fedha ya 2025 imeshaleta zuio la VAT: Serikali inaponilipa, inakata sehemu ya kodi hapohapo, asilimia 3 ya thamani kwa bidhaa na 6 kwa huduma. Maana yake mmeshakubali kwamba kodi inaweza kuchukuliwa siku ya malipo. Basi malizieni. Kwa kazi ambayo mteja ni Serikali, kodi yote idaiwe siku hela inapotoka. Kateni hata asilimia 18 nzima huko huko, sitalalamika. Hiyo hela haijawahi kuwa yangu. Na mpaka sheria ibadilike, agizeni ofisi zenu za malipo ziache kudai risiti ya EFD kabla ya kulipa. Hati ya mhandisi inatosha kuonyesha kazi imefanyika.

La pili, foleni ionekane. Mfumo wenu wa malipo, MUSE, unajua hati ipi imeingia lini na iko kwenye meza ya nani. Nifungulie dirisha nione yangu ni ya ngapi. Benki yangu iliniambia kwa mdomo kwamba ingekuwa na uhakika Hazina inalitambua deni, ingenikopesha juu ya hati yenyewe, na nyumba ya watoto ingepumzika. Mimi na mhasibu wangu wa Jumamosi tungepanga hesabu kama watu wazima, tukijua tunasubiri mwezi mmoja au kumi. Wengine wanaweza kuniambia nisafiri kwenda kufuatilia. Nimesafiri mara saba. Nauli hiyo haimo kwenye BOQ, ile orodha ya gharama za kazi.

Kuhusu zile asilimia 10, kipindi cha matazamio cha barabara ile kiliisha muda mrefu, mhandisi amesaini, mashimo niliyafukia. Barua ya kuomba zirejeshwe ina mihuri miwili ya kupokelewa, mmoja wa bluu na mmoja wa zambarau, na kila ofisi inasema iko kwenye ile nyingine.

Wako katika kazi,

Mkandarasi wa daraja la tano,
Kihonda, Morogoro.