Baba, hiyo moja kwa mia tano ishushe

Baba, za Dodoma. Hapa Kibirizi naandika huku nimekaa chanjani nafukuza kunguru kwenye dagaa, nikirukaruka univumilie.

Mdogo wako karopoka jana usiku, eti forex, hiyo biashara yako ya kubashiri bei za sarafu, sio demo ya hela za maigizo tena, umeingiza hela ya bumu la chuo, na leveraji, yaani broka unayepitia anavyokukuzia mzigo kuliko hela yako, umeweka moja kwa mia tano. Sijalala. Sio kwamba nakuona mjinga, wewe ndo ulinifundisha haya mpaka nikawaringia wenzangu huku mwaloni kwamba mwanangu anasoma chati. Ila hesabu nimeipiga kwenye daftari la madeni: dola 100 yako inashika mzigo wa dola 50,000, bei ikikugeuka asilimia 0.2 tu basi, imekwenda yote. Asilimia 0.2 mimi hata kwenye dagaa siihesabu, ndoo ya asubuhi na ndoo ya jioni zinapishana zaidi ya hapo!

Utasema kuna stop loss, ile amri ya kufunga biashara yenyewe hasara ikifika pale ulipopanga. Sawa, weka, tena weka kabla hujaingia, sio nitaweka baadae. Lakini si wewe uliyenisimulia ile ya faranga ya Uswisi Januari 15, 2015, benki kuu yao ilivyoiachia bei ikaruka, stop loss za watu zikapitwa juu kwa juu, wengine wakatoka wanadaiwa na broka? Sasa. Mzigo uwe mdogo. Ulaya kwenyewe tangu 2018 raia wa kawaida wamemwekea mwisho moja kwa 30, na hiyo ni kwa sarafu kubwa. Wewe na bumu lako mia tano??

Na huyo broka leseni yake umeitafuta mwenyewe kwa mdhibiti au umeona tu picha kwenye tovuti yake? Jaribu kutoa hata elfu ishirini uone kama inafika kwenye simu. Yule wa Telegramu anayekutumia signo za nunua hapa uza pale, mtoe. Namba ya uthibitisho ikiingia usimtajie mtu, hata ajiite huduma kwa wateja.

Najua moyoni unasema mama naye 2024. Haya ndio, tangazo la kufunga uvuvi Ziwa Tanganyika Mei mpaka Agosti nililisikia nikasema hawatafunga kweli, nikachukua ya vikoba nikanunua nyavu na taa, miezi mitatu zimelala stoo na rejesho linaniita kila wiki. Baba yako mpaka leo hajui hela ya bati za jikoni iliishia wapi, na wewe usimwambie. Jiko lenyewe linavuja kwenye ule upande wa mafiga, nimeweka beseni.

Ada ya mdogo wako bado nusu, ila hiyo niachie mimi, usije ukasema ndo unaikimbizia huko.

Mawese lita 5 nimempa dereva wa basi la Ijumaa, mfuniko nimeufunga na nailoni maana galoni la kwanza lilimwagika. Ukipokea nipigie, na ukipiga anza na hiyo mia tano, umeishusha mpaka ngapi.

Mama