Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Kilimanjaro: swali la mtoto lipewe alama

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,
Moshi.

YAH: MASWALI YA KUELEZA SABABU KATIKA MTIHANI WA UTAMILIFU WA MKOA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Sayansi, mkazi wa Old Moshi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku juu. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ninaloomba limo ndani ya uwezo wa ofisi yako, halisubiri bajeti wala waraka kutoka Dodoma, na wazazi wa mkoa huu wana haki ya kulijua.

Nianze na ombi lenyewe. Mtihani wa utamilifu wa darasa la saba, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, unaotungwa kimkoa, pamoja na ile ya ujirani mwema inayotungwa kwenye kata, iwe na maswali machache yanayomtaka mtoto aeleze kwa nini, kwa maneno yake mwenyewe, na jibu lake lisomwe na mwalimu na lipewe alama.

Hivi karibuni mtoto wa jirani aliniletea karatasi ya jaribio la Maarifa ya Jamii. Alikuwa na furaha, amepata vizuri. Swali mojawapo liliuliza Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro alikuwa nani, naye alikuwa amesiliba, yaani ametia weusi, herufi ya Johannes Rebmann bila kusita. Tulikuwa tumekaa uani, kilele cha Kibo kiko wazi mbele yetu. Nikamuuliza, na watu wa hapa walijuaje kile cheupe kule juu ni kitu gani? Akanitazama, akasema, "Babu, hilo hatujafundishwa."

Jibu lake linaniuma kwa sababu habari yenyewe ni tamu kuliko jina alilolikariri. Rebmann aliuona mlima Mei 1848, akaandika kwamba juu yake kuna theluji. Huko London mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika, akakataa katakata. Hoja yake ilikuwa ya vitabuni: mlima ulio nyuzi 3 tu kutoka Ikweta utakuwaje na theluji? Akashikilia hivyo kwa miaka mingi, hata baada ya msafiri wa Kijerumani Karl Klaus von der Decken kupanda mwaka 1862 hadi kupita mita 4,000. Lakini katika habari ambazo Rebmann na mwenzake Krapf walizichapisha kuna jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye mtihani wowote. Wachagga walikuwa wamekwisha kulijaribu jambo hilo wenyewe. Walikichukua kile kitu kinachong'aa kama fedha, wakateremka nacho, na kilipofika chini wakakuta ni maji matupu.

Ndugu Afisa, hebu tazama nani hapo alikuwa anafikiri sawasawa. Mmoja ana maktaba nzima na anabisha. Wengine wamepanda, wamechota, wamesubiri waone kitageuka nini. Mtoto aliyezaliwa chini ya mlima huohuo anafundishwa kusiliba jina la Mzungu aliyeuona kwa mbali, na hakuna anayemuuliza wazee wake walipataje kujua.

Nitakupa mfano mwingine, huu nimeushuhudia mwenyewe. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la sita kama mjumbe wa kamati, somo linahusu kani ya uvutano. Mwalimu ameeleza vizuri kwamba maji hutiririka kutoka juu kwenda chini. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona maji ya mfongo wetu yanapanda mlima?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia akae, hilo halitoki kwenye mtihani.

Wewe ukipita huku juu utauona mfongo wenyewe, ule mfereji wa maji uliochimbwa na wazee. Kuna kona ambapo barabara inateremka kwa kasi na mfongo unakwenda kando yake, na ukisimama pale utaapa kwamba maji yanapanda. Yule mtoto alikuwa ameona kweli, na swali lake lilikuwa bora kuliko mazoezi yote yaliyokuwa ubaoni siku hiyo. Nilimwomba mwalimu ruhusa, naye akakubali kwa moyo mweupe. Baada ya masomo tukawachukua watoto hadi kwenye kona ile, tukaazima kwa fundi ujenzi ule mpira mwembamba wa kuonyesha anaoutumia kuhamisha levo. Tukaujaza maji. Mtoto mmoja akashika ncha moja sehemu ya juu ya mfongo, mwingine akashika ya pili mita 20 mbele, maji yanakoelekea. Maji ndani ya mpira hutulia kwenye usawa mmoja ncha zote mbili, kwa hiyo kilichobaki ni kupima kwa rula umbali kutoka usawa ule hadi kwenye maji ya mfongo. Kule juu wakapata sentimita 40. Kule chini, 52.

Kabla sijasema neno, mvulana mmoja ambaye darasani hufungua kinywa kwa nadra akasema, "Vipimo hivyo si vya kuaminika, mpirani kuna hewa." Nikatazama, kweli, palikuwa na kipovu katikati. Tukakitoa, wakapima tena. Safari hii kule chini ikawa 49. Maji yalikuwa yameshuka sentimita 9 katika mita 20. Mfongo unateremka, ila polepole sana kuliko barabara, na jicho linaichukua barabara kuwa ndiyo usawa. Yule msichana akauliza papo hapo, "Sasa waliouchimba walijuaje wauteremshe kidogo namna hii, na mpira hawakuwa nao?" Sikumjibu. Nilimwambia akawaulize wazee wa ukoo wenye zamu za maji.

Kwangu mimi yule mvulana aliyekiona kipovu ndiye aliyefaulu zaidi siku ile. Kushuku kipimo kabla ya kukubali jibu ni jambo ambalo watu wazima wengi hatulifanyi, na kwenye fomu ya kusiliba halina mahali pa kuandikwa.

Tuliporudi, mwalimu wao aliniambia njiani maneno yaliyonifanya nichukue kalamu. "Mwalimu, hiki ndicho nilichosomea. Lakini Ijumaa nina jaribio, na wastani wa somo langu unabandikwa ofisini." Walimu wetu si wavivu wala hawana chuki na maswali. Wanapimwa kwa wastani, shule inapangwa ya ngapi kwenye kata, kata ya ngapi kwenye halmashauri, na kikao cha tathmini kinamwita mwalimu mkuu aeleze kwa nini ameshuka. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora. Huku chini tunaendelea kupanga kila baada ya jaribio.

Na mazoezi yenyewe yanafundisha nini? Ukimpa mtoto herufi nne za kuchagua, aliyefumba macho anapata robo ya maswali. Aliyezoezwa zaidi anajifunza kulitambua jibu akiliona, kukata mawili yasiyofanana na mengine, kubahatisha kati ya yaliyobaki. Ni ufundi, siukatai. Ila mtoto anaweza kuufikia ukomo wake bila kuwahi kutunga sentensi moja inayoanza na "kwa sababu".

Mkoa huu una sababu ya pekee ya kulijali jambo hili, kwa ajili ya kijana mmoja aliyesoma hapo Mweka. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alipomuuliza mwalimu wa Fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaifanya utani. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, Mpemba akanyanyuka akaliuliza swali lilelile, na wanafunzi wakamcheka mbele ya mgeni. Osborne hakumcheka. Alisema atalipima, akarudi Dar, akamwagiza fundi wa maabara. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la kisayansi la Uingereza, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapo juu ya mji wetu. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo huachwa tunapoisimulia kwa fahari. Wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi wa kuridhisha; walionyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa hata sentimita moja, matokeo yanaweza kugeuka. Hilo halimpunguzii Mpemba hata kidogo. Swali lake limewafanya watu wapime kwa zaidi ya miaka 50, na wabishane juu ya mahali pa kuweka kipimajoto, kama yule mvulana wetu na kipovu chake. Watoto wafundishwe sehemu zote mbili.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, alitaka elimu impe kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyarekebisha yasiyomfaa, na kujiamini. Alisema pia kwamba mitihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa yanapotakiwa, na si mara zote hufaulu kupima uwezo wa kufikiri, kwa hiyo heshima tunayoipa ipunguzwe. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza Januari 2024, nao unadai ujenzi wa umahiri. Watoto walioanza nao darasa la tatu watamaliza elimu ya msingi ya miaka 6 mwaka 2027. Tukiwapima kwa namna ileile ya zamani, walimu watarudi kwenye namna ileile ya kufundisha, na vitabu vipya vitakuwa vya kukariri kama vilivyotangulia.

Suala la lugha, mtoto anayeuliza kwa Kiswahili darasa la saba na kunyamaza kidato cha kwanza, ni kubwa na liko juu ya ofisi yako. Sitaligusa hapa.

Sasa nirudi kwenye utekelezaji. Naomba maswali mawili tu katika karatasi ya Sayansi na Teknolojia, mawili Hisabati, mawili Maarifa ya Jamii. Swali liwe kama hili: mtu anasema maji ya mfongo fulani yanapanda, ungefanya nini ujue kama ni kweli? Mwongozo wa usahihishaji uruhusu alama kwa mtoto aliyefika mahali pasipo sahihi lakini akaonyesha wazi njia aliyopita na namna ambavyo angehakikisha. Mwaka wa kwanza wastani utashuka, tusifichane. Waambie wakurugenzi na wazazi kabla, na mwaka huo matokeo yasitumike kupanga shule.

Najua utaambiwa madarasa yamejaa, mwalimu ana watoto 80, hawezi kumsikiliza kila mmoja. Ni kweli kabisa. Lakini kila mtoto anaweza kuandika swali moja Ijumaa kwenye kipande cha karatasi, na mwalimu akachagua moja la kuanzia Jumatatu. Vikao vya MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni kufundishana, ndipo mahali pa kujadili maswali hayo. Mwalimu asiyejua jibu apate nafasi ya kusema sijui, tutalipima, bila kuhofia heshima yake kushuka mbele ya watoto.

Kikwazo kikubwa nakijua, kwa sababu nilisahihisha mitihani miaka mingi: majibu ya kueleza yanachukua muda, na maswali ya kuchagua yalipendwa kwa kuwa yanasahihishwa haraka. Hapa nina la kukupa mkononi. Nimezungumza na walimu wastaafu wenzangu wa Old Moshi na Uru. Tuko tayari kusahihisha sehemu hiyo ya karatasi za mtihani wa utamilifu ujao bila posho, chini ya usimamizi wa maafisa wako na kwa kiapo kilekile cha usiri tulichokula tukiwa kazini. Wastaafu wapo katika halmashauri zote saba za mkoa, na ofisi yako ikitoa wito naamini wengi wataitika. Tunachohitaji ni mwongozo wa usahihishaji, chumba chenye meza, na tarehe. Nitakuja ofisini kwako wiki ya kwanza baada ya shule kufungua kufuatilia jibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Old Moshi.

Nakala: Maafisa Elimu Msingi wa Halmashauri zote, Mkoa wa Kilimanjaro.