Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka 2025

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa wetu, na wengine poleni na kazi.

Hesabu atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo lililotuchukulia muda mwingi mwaka huu: likizo ya uzazi kwa wenzetu wa mikataba mifupi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hayo wengi mnayajua. Lakini wanachama wetu wanaofungasha bidhaa viwandani na kwenye maghala ya Temeke, Dar es Salaam, huandikiwa mikataba ya miezi mitatu, wakapumzishwa kidogo, kisha wakaitwa tena. Mmoja wao akishika ujauzito huambiwa hana likizo kwa kuwa hajatimiza miezi sita. Wengi walikubali yaishe, maana sharti la miezi sita kweli limo katika sheria. Kisichosemwa ni maneno yanayofuata palepale: ukimfanyia kazi mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi hivyo hujumlishwa, na vikizidi miezi sita unastahili likizo yenye malipo. Kamati ilipoanza kulieleza hilo getini wakati wa kubadilishana shifti, vipeperushi viliisha kabla ya maswali. Basi tunzeni karatasi zenu: mkataba, hati ya mshahara, hata ujumbe wa simu wa kuitwa kazini.

Mwajiri mmoja alimwachisha kazi mwenzetu mjamzito. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kilichotukwamisha ni muda. Shauri la aina hiyo hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, naye alikuwa amekaa nyumbani akisubiri kuitwa tena, siku zikapita. Ameomba kuongezewa muda, tunasubiri majibu.

Si waajiri wote wagumu. Kuna kiwanda kimetenga chumba chenye pazia na friji ya kuhifadhia maziwa, na meneja wake hakutupamba kwa maneno ya huruma: kumfundisha mtu mpya mashine kunamgharimu kuliko zile saa mbili. Hesabu hiyo tuipeleke kwa wengine, itasikika kuliko hotuba zetu.

Mama lishe na wauza mboga hawana mwajiri wa kudai likizo kwake. Kwao msaada uliopo ni kituo chetu cha kulelea watoto mchana. Mwaka huu tulikubaliana kifunguliwe saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kituo cha saa mbili asubuhi hakimfai mtu ambaye saa hiyo sufuria ya kwanza ya chai imeshauzwa. Walezi wamechoka, nakiri hilo waziwazi. Mmoja hatoshi kwa zamu ya alfajiri. Vikundi vya akina mama pia vimeomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa 2023.

Kuhusu sera, tunashukuru kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yamemwongezea likizo mama wa mtoto njiti. Bado siku 84 ni wiki 12, wakati Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani unataka zisizopungua 14. Na baba ana siku tatu tu, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mama akijifungua kwa upasuaji zinaweza kuisha angali wodini. Jirani zetu Kenya humpa baba wiki mbili, na sijasikia viwanda vyao vimefungwa kwa ajili hiyo.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoanza 2021/22, inafikia mwisho wa kipindi chake 2025/26. Tumeandaa barua kwa halmashauri tukiomba mpango ujao utambue vituo vya alfajiri karibu na masoko. Rasimu iko mezani kwa katibu, isomeni kabla ya chakula.

Mkutano unaombwa kuamua mambo mawili: kupandisha ada ili tuajiri mlezi wa pili wa zamu ya alfajiri, na kumruhusu baba kujiandikisha mwanachama bila kupitia jina la mkewe. Katibu atagawa karatasi za kura.