Uji wa saa nne na kipindi cha michezo
Habari za jioni wazazi wenzangu. Asanteni kwa mahindi na maharage. Makande ya mchana yameanza Jumatatu. Kilichobaki ni uji. Jamani, tusisage tena ile lishe ya karanga na soya kwa gunia zima: ikikaa muda inachacha, na mtoto akishaonja ule uchungu hanywi tena. Tuchukue unga wa mahindi uliorutubishwa, karanga tusage kidogo kidogo, sukari ipungue. Mwenye machungwa shambani atukumbuke, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage. Chai ya rangi pamoja na chakula, hapana; inayazuia.

Michezo sasa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Wetu wanashushwa na bodaboda getini! Anayekaa karibu amwache mwanawe atembee. Na kipindi cha michezo kisigeuzwe cha hesabu, hata kwa darasa la saba. Nimeshaongea na mwalimu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunafyeka uwanja. Njooni na mafyekeo.