Jumamosi: mgahawa wa milksheki

Habari zenu wapendwa. Kura zimeamua, Jumamosi tunakwenda kwenye ule mgahawa wa Kimarekani. Tukutane mlangoni saa kumi na mbili na nusu jioni. Ikigonga saa moja watu hujaa na zile meza za makochi mekundu huisha, tukaishia kupangwa kaunta kama ndege kwenye waya.

Andika "nipo" na idadi ya watoto kabla ya Alhamisi usiku. Ukinyamaza nitajua huji.

Pana kelele, nawaambia mapema. Muziki wa miaka ya 1950 hupigwa kwa sauti ya juu na wahudumu huitana kwa vifijo. Mwenye jambo zito alimalize njiani.

Sasa milksheki zenyewe. Ni nzito hasa, na glasi huja pamoja na kikombe cha chuma chenye ziada, kwa hiyo wawili mchangie moja kama mnataka na baga. Mimi naipigia debe ile ya kimea. Inasimuliwa kuwa ilianzia Chicago mwaka 1922, Ivar Coulson wa maduka ya dawa ya Walgreens alipotia aiskrimu kwenye maziwa ya kimea. Ya stroberi waachieni watoto, jamani.

Ambaye tumbo lake halipatani na maziwa aniandikie faragha, niwaulize kama wana ya soya.

Kila mtu atalipa bili yake. Mwenye nafasi kwenye gari aseme hapa hapa.